Ngazini Usiombe Radhi

Atu mwanangu,

Hapa jikoni nasikia kila neno mnalosema sebuleni. Mama yako mdogo Tusa amekukalisha kwenye kigoda tangu tulipotoka mezani, anakusuka, anakuvuta kichwa kama anang'oa magugu. Sasa hivi amekuuliza kama huko melini kuna mtu anayejua kusuka, au utaturudia na kichwa cha kondoo. Umemjibu kwa Kiingereza, naye amesema hajasikia. Amesikia vizuri sana. Mama yako yuko chumbani anafunga begi kwa mara nyingine tena, maana kila akilifunga anakumbuka dawa. Mambo ya dawa, soksi, sweta na kupiga simu Jumapili ni idara yake, na mimi kwenye idara ile sina hata kiti.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka barabara yenye barafu. Ndivyo ninavyotaka uisome barua hii. Ningeiandika kwa Kiingereza ungeimaliza kabla ndege haijaacha ardhi ya Minnesota, ukaikunja, ukavaa vile vidude vyako vya masikioni.

Jambo lenyewe ni moja. Leo mchana umeshindwa kuniinua kwenye kochi.

Najua umelichukulia kama mchezo, na ni mimi niliyelianzisha kama mchezo, kwa hiyo sikulaumu. Ulikuwa unamweleza mama yako mdogo kazi unayokwenda kuifanya. Kazi ya kila siku ni mapokezi: kutabasamu, kumwonyesha mtu chumba chake kilipo, kumsikiliza anayelalamika kwamba bahari inatikisika. Halafu ukasema kwamba kila mfanyakazi wa meli ya kitalii, awe mpishi, awe mpiga kinanda, ana kazi ya pili, kazi ya siku ya hatari, na ya kwako ni ngazini. King'ora kikilia, milio saba mifupi na mmoja mrefu, unavaa reflekta, unakwenda kwenye kona ya ngazi uliyopangiwa, unawaelekeza abiria waende kwenye kituo chao cha kukusanyikia. Hakuna lifti. Hakuna kurudi chumbani kufuata mkoba. Uliyasema hayo kwa kujiamini mpaka mkorofi mmoja ndani yangu akaamka.

Nikajinyoosha kwenye kochi nikasema mimi ni abiria, mzee mwenye goti bovu, nimekuja kustarehe, na siendi popote mpaka nimalize chai.

"Samahani, Baba," ukasema. "Naomba uinuke."

"Nani kasema kuna hatari?"

"Nahodha."

"Mwambie nahodha nakunywa chai."

Ukacheka. Ukainama kidogo, mikono umeikutanisha mbele, vilevile unavyowasalimia wazee kanisani. "Naomba basi, Baba. Tafadhali."

"Shemeji, we kunywa chai yako taratibu," mama yako mdogo akasema. "Meli imeshazama."

Tukacheka wote, mimi kuliko wote. Lakini ile chai ilinikwama, na mpaka sasa bado imekwama, kwa sababu msichana aliyekuwa amesimama mbele yangu na mikono yake imekutana nilimtengeneza mwenyewe, na nilijisifu kwa kazi hiyo.

Ngoja kwanza nikubali kwamba mimi si mtu wa kusikilizwa kuhusu maji. Nilikozaliwa mimi, Tukuyu, maji yalikuwa yanatoka juu, tena mengi, na kazi yetu ilikuwa kuyakimbia. Nimekuja kuishi katika jimbo ambalo ukikosea njia unatumbukia ziwani, na tangu nifike sijaingia kwenye maji yanayovuka magoti. Ile picha ambayo mama yako ameitundika bafuni, ya mtu aliyevaa jaketi la kuokolea maisha juu ya koti zito la baridi, wewe unaifahamu, lakini sidhani kama uliwahi kuambiwa kilichotokea siku ile. Wenzangu wa kazini walinialika kuvua samaki kwenye barafu. Nikajiandaa kama mtu mwenye akili. Kufika ziwani nikakuta magari makubwa yameegeshwa juu ya barafu hiyohiyo, watu wamewasha majiko, wanakula. Mzee mmoja mwenye ndevu aliniangalia jaketi, akaangalia barafu, akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu ninachokijua ambacho wao hawakijui.

Kwa hiyo ulipotuambia umepata kazi baharini, nilifanya ninachofanya siku zote nikiogopa: nikaanza kusoma. Kila mapumziko kazini nilikuwa na simu mkononi nasoma habari za meli. Sasa najua kwamba mabaharia wanauogopa moto kuliko maji. Najua kuna milango mizito ya chuma inayofungwa ili maji yakiingia sehemu moja yasiende nyingine. Nilikuuliza maswali mpaka ukaanza kunijibu kwa sauti ile wanayotumia watu wazima wakiulizwa na mtoto habari za radi. Uliporudi kutoka mafunzoni Florida, nywele zimekauka kama majani makavu kwa dawa ya bwawa, ulinieleza walivyowatambaza kwenye chumba chenye moshi, na jinsi ulivyoigeuza boti ya mpira iliyopinduka, wewe peke yako, mtoto ambaye kufungua kopo la nyanya anamwita mama yake. Nilijivuna. Nilimwambia kila mtu kazini, hata waliokuwa wamelala.

Kuna swali moja lilinibakia. Nilikuuliza kama abiria nao wanafundishwa. Ukasema zamani wote walikuwa wanakusanywa na majaketi yao kabla meli haijaondoka, na kwamba siku hizi kwenye meli nyingi wanatazama video kwenye simu, kisha wanapita kwenye kituo chao wanahakikiwa, basi.

"Anatazama video huku mkononi ameshika nini?" nikauliza.

"Baba, sisi ndio tunaofanya mazoezi kila mara. Wao wanatakiwa tu kujua pa kwenda."

"Na wasipojua?"

"Ndiyo maana mimi niko ngazini."

Ulisema hivyo ukainuka kwenda kuoga. Mimi nikabaki na hilo neno.

Sasa nataka tuizungumzie Oakdale. Najua unaifahamu. Unaifahamu kama kichekesho: Baba alivyotoka mbio kwenye theluji na ndara miguuni, mvuke unamtoka kichwani kama birika. Hivyo ndivyo tunavyoisimulia wageni wakija, na sehemu ya ndara ni ya kweli, nilikuwa nimetoka kumwogesha mzee mmoja. Lakini nataka uisikie bila wageni.

Kengele ya moto pale Oakdale, kwenye ile nyumba ya wazee, ilikuwa inalia kwa ajili ya mkate. Mtu akiunguza mkate jikoni, inalia. Akisahau kifuniko cha sufuria, inalia. Wazee wenyewe walishazoea. Ikilia wanaongeza sauti ya televisheni. Na sisi wafanyakazi, nisikufiche, tulishakuwa na mwendo wetu wa kengele, mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia kama mvua imekatika. Jioni ile ililia, nami nikatembea mwendo huohuo. Nikamkuta Nyaboke kwenye korido. Nyaboke ni yule Mkisii niliyekuwa naye zamu moja, mfupi, aliyekuwa anakuletea mahindi ya kuchoma.

"Baba Atu," akaniambia, "hii si mkate."

Moshi ulikuwa unatoka chumba cha kufulia. Vumbi la nguo lilikuwa limejaa kwenye mashine ya kukaushia, likashika moto. Moshi wake haukuwa mwingi bado, lakini ulikuwa mzito, wa kijivu, umejikusanya darini unasogea kuelekea mwisho wa korido, na mwisho wa korido ndiko kilikokuwa chumba cha Bi Dorothy, mmoja wa wazee wetu. Nyaboke akasema yeye anachukua upande wa huku, mimi niende kule.

Nikaenda. Nikafika mlangoni kwa Bi Dorothy. Unajua nilifanya nini? Nilipiga hodi.

Moshi uko darini, mimi napiga hodi, tena ile ya kiungwana, vidole viwili. Nikangoja aseme niingie. Aliposema, nikafungua, nikamkuta amekaa kitandani na shimizi, anatafuta blauzi yake. Mwanamke wa umri wa bibi yako, mwalimu aliyefundisha watoto wa watu mpaka akastaafu, ambaye sijawahi kumwona bila kitufe cha shingoni kimefungwa. Akaniambia, "Kijana, geuka. Siwezi kutoka nje hivi."

Nikageuka.

Nikageukia ukuta. Na mlango niliuacha wazi nyuma yangu, kwa sababu mwanamume mzima anafungaje mlango wa chumba ambacho mama wa watu hajavaa? Kitu cha kwanza kabisa tulichofundishwa mle ndani, kabla hata ya kuonyeshwa choo cha wafanyakazi, ni kufunga mlango. Mlango ule ni mzito kwa ajili hiyo, unazuia moshi. Nilikijua. Ungeniuliza siku yoyote ningekujibu bila kufikiri. Lakini kile nilichofundishwa kazini kilikuwa kimekaa kichwani, na kile nilichofundishwa kwetu kilikuwa kimekaa mwilini, na mwili uliwahi.

Nilisimama naangalia picha ya wanafunzi wake wa zamani ukutani. Nyuma yangu nilisikia vidole vyake vinahangaika na vitufe. Alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vilikuwa havikunjiki. Nikasema, "Samahani, mama, naomba tufanye haraka kidogo." Nikasema *kidogo*. Naye akanijibu kwa upole uleule kwamba anakaribia kumaliza. Kisha akakohoa. Nikaendelea kuangalia picha. Akakohoa tena, safari hii kikohozi hakikuisha, na ndipo nilipoona kwamba sura za wale watoto pichani hazionekani sawasawa.

"Baba Atu, unafanya nini na ukuta?"

Alikuwa Nyaboke. Hakungoja jibu. Aliupiga mlango teke ukajifunga, akavuta blanketi kitandani, akamfunika Bi Dorothy toka kichwani, akamwinua kwa makwapa huku anamfokea kwa Kiingereza cha amri tupu: simama, mguu, twende, sasa. Bi Dorothy akasema vitufe vyake. Nyaboke akamwambia vitufe atavifunga Jumanne. Wakatoka kwa mlango wa dharura wa nyuma, mimi nimebeba viatu vya mama wa watu mkononi, na hapo ndipo kinapoanzia kichekesho cha ndara na theluji.

Zimamoto walikuja, hakuna kilichoungua ila nguo. Wazee wote walitoka hai. Bi Dorothy alilazwa. Aliporudi alikuwa na mrija wa oksijeni puani, na pumzi yake haikurudi tena kama zamani. Asubuhi alikuwa na kawaida ya kuwasomea wenzake gazeti mezani, kwa sauti ile ya darasani, anawasahihisha wanaosinzia. Hakusoma tena. Alikuwa anafika katikati ya sentensi anaishiwa, anakunja gazeti.

Na alinisifu, Atu. Hapo ndipo sijawahi kupaeleza nikiwa na wageni. Mwanawe alipokuja kutoka Arizona, Bi Dorothy aliniita, akamwambia, huyu ndiye aliyeniheshimu siku ile. Yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyaboke je? Bi Dorothy alimlalamikia kwa meneja, kwamba alimfokea na kumburuta kama gunia. Nilimfuata Nyaboke chumba cha mapumziko kumpa pole. Alikuwa anakula ugali wake kwenye kikontena, hakuacha hata kutafuna.

"Wacha hizo," akasema. "Akinilalamikia, si anapumua?"

Nimekaa na ile sifa miaka yote hii na sijapata pa kuiweka.

Baada ya hapo nilijifunza kufoka, kama mtu anavyojifunza kuendesha gari ukubwani. Sasa, kama unavyojua, mimi ndiye ninayesimamia mazoezi ya moto pale kazini na wenzangu wamenichoka. Mara ya kwanza kutoa amri kwa sauti, sauti ilipasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza kuwika, na bibi mmoja akaniuliza kama nina mafua. Nikarudia. Nikarudia tena wiki iliyofuata. Niliendelea mpaka siku moja nikasema "inuka" na mzee akainuka kabla hajajua kwa nini anainuka. Kwa hiyo najua inawezekana kujifunza. Najua pia inachukua muda, na wewe unaondoka kesho.

Leo, ulipoinama pale sebuleni, kuna kitu nilikikumbuka ambacho sikuwahi kukiweka karibu na habari za Oakdale. Sijui kwa nini. Pengine sikutaka.

Ulikuwa na miaka minane. Watanzania tulikuwa na pikiniki yetu ya kiangazi, pale bustanini Brooklyn Center, nyama nyingi, hotuba nyingi zaidi. Vijana waliokuwa wanachoma nyama walimwaga makaa yaliyobaki nyuma ya viti, kwenye majani, wakaenda zao. Mzee Ambakisye, mwenyekiti wetu, alikuwa anarudi kinyumenyume na sahani yake, anamsimulia mtu habari, anatafuta kiti bila kuangalia. Na wewe, ambaye hata wakati ule tulikuwa tukikusemesha Kiswahili unajibu Kiingereza, ulipaza sauti kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho bustani nzima ilikisikia: "Wewe mzee, simama. Usirudi nyuma."

Akasimama. Kisigino chake kilikuwa hapa, makaa yapo hapa.

Mzee akageuka, akasema, "Mtoto wa nani huyu?"

Ungeniuliza siku ile kama niliyaona makaa, ningekuambia sikuyaona, na ni kweli. Sikuangalia chini. Niliangalia nyuso za watu. Mtoto wangu amemwita mwenyekiti "wewe mzee", mbele ya kila mtu ninayemfahamu katika nchi hii. Nilikuja nikakushika mkono, nikakupigisha magoti, nikakuambia umwombe radhi.

"Lakini makaa, Baba," ukasema.

"Ungemwambia kwa adabu."

Ukamwomba radhi. Mikono imekutana mbele, kama leo. Mzee akakupokea, akakushika kichwa, watu wakapiga makofi, nikapongezwa kwa malezi. Baadaye nilimwona Mzee Ambakisye mwenyewe anamimina ndoo ya maji juu ya yale makaa, peke yake. Nikaangalia pembeni. Nimekuwa nikijaribu hesabu hii tangu mchana: shikamoo mzee, samahani, naomba usirudi nyuma, kuna makaa. Kabla hujafika kwenye makaa mzee angekuwa ameshaiva.

Tangu siku ile sijawahi kukusikia ukipaza sauti. Shuleni walikuwa wanaandika kwamba wewe ni mtoto mtulivu, na mimi nilikuwa nayasoma hayo kwa mama yako kama mtu aliyeshinda kikombe.

Sasa unakwenda kusimama ngazini, na kwenye meli hizo, kwa ninavyoziona picha zake, nusu ya abiria ni akina Bi Dorothy na Mzee Ambakisye. Watakuja na magoti mabovu. Watakuambia wamesahau meno, wamesahau dawa, mke yuko juu. Watakuambia kijana, ngoja. Watakuwa na sauti ya baba na sauti ya bibi, na mwili wako utataka kuinama. Na nyuma ya kila mmoja atakayesimama kukubembeleza kuna foleni ya watu ambao huwaoni.

Kuna neno lingine nililipanga tangu asubuhi. Unakumbuka nilikuuliza nani anaingia kwanza kwenye boti ya kuokolea. Ukasema abiria. Nikasema, na wewe? Ukasema, "Nina nafasi yangu, Baba, nimepangiwa," kisha ukaniuliza habari za mchuzi. Mimi ni baba. Nilitaka nikuandikie hapa kwamba ukiona mambo yameharibika, achana na ngazi, kimbia, uwe wa kwanza. Nimeliandika, nikalikata. Utaona mahali nilipolikata, karatasi imechubuka. Hainitoki akilini, ile mikono miwili ya yule bwana wa Arizona. Watakaopita kwenye ngazi yako wana watoto wao, na mmoja wao pengine usiku huu anasumbuliwa na kufunga begi la mama yake.

Kwa hiyo sikuambii ukimbie. Nakuambia ufoke. Na usidhani nimekuwa mtakatifu, sababu yangu ni ya uchoyo kabisa: wao wakienda haraka, na wewe unaondoka pale haraka. Kila "naomba" utakayoisema ngazini inakuchelewesha wewe. Nataka umwondoe mzee wa watu kwenye ngazi ile kwa sauti ambayo atailalamikia kwa meneja, kwa nahodha na kwa kampuni nzima.

Lakini kuandika ni rahisi. Malezi ya miaka yote hiyo siwezi kuyafuta kwa kalamu jioni moja.

Nimeacha kalamu kidogo. Sasa nimerudi.

Wewe ulikuwepo, lakini hujui lilivyoonekana upande wangu. Mama yako mdogo alikuja hapa jikoni kuchukua ile sufuria ya maji yaliyochemka ili achovye ncha za rasta zako. Alipita nyuma yangu, akaniambia, "Shemeji, wosia huo au barua?" Alipokwisha kutoka, nikainuka kufuata miwani yangu sebuleni, na nikawa natembea huku nasoma ukurasa niliokuwa nimeumaliza. Nilikuwa nasoma kuhusu makaa. Sikumwona. Alikuwa amesimama mlangoni amenipa mgongo, anageuka na sufuria.

"Baba, simama hapo. Usisogee."

Sikujua ni wewe. Nakuambia ukweli, mguu wangu ulisimama hewani kabla kichwa hakijajua nani amesema. Tusa akashtuka, maji yakamwagika kwenye zulia, palepale mguu ulipokuwa unakwenda. Mvuke ukapanda. Mama yako akatoka chumbani anauliza nani anapiga kelele.

"Mwanao," Tusa akasema. "Anamfokea baba yake kama mtoto wa jirani."

Na wewe ukashika mdomo. Ukainuka kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona jini, ukakutanisha mikono. "Samahani, Baba. Samahani sana, sikukusudia."

Mimi nikageuka nikarudi jikoni, hata miwani sikuchukua. Nimekusikia unamwambia mama yako mdogo kwamba nimekasirika. Naye amekujibu, "Mwache, atatulia."

Sijakasirika. Nimesimama muda mrefu nimeshika sinki, nimefungua bomba ili msinisikie, ndiyo maana maji yalikuwa yanatiririka. Nilidhani ile sauti niliiua pale bustanini. Nilidhani kesho namsindikiza uwanja wa ndege mtoto niliyemnyang'anya kitu pekee atakachokihitaji. Kumbe ilikuwepo. Ilijificha tu, nadhani ilikuwa inanikimbia mimi.

Haimaanishi kwamba hofu imeniisha. Baba mmoja mlangoni na sufuria ya maji si ngazi iliyojaa watu wasiokujua, gizani, moshi unashuka, meli imelala upande. Sijui kama siku hiyo sauti itakuja yenyewe kama ilivyokuja leo, na wewe hujui. Kwa hiyo mkifanya mazoezi huko, wenzako wakiyafanya kwa mdomo wakicheka, wewe yafanye kwa sauti yote, hata wakikuita mwendawazimu wa Minnesota.

Lakini ile radhi uliyoniomba sijaipokea. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu ambalo lingetoka bila machozi, na nina sifa yangu ya kulinda mbele ya shemeji. Jibu langu ndilo hili. Ichukue radhi yako. Usiniombe mimi, usimwombe yeyote atakayepita kwenye ngazi yako, na ile niliyokulazimisha kuiomba mbele ya Mzee Ambakisye, nayo ichukue. Ilikuwa yangu mimi kuiomba, kwako.

Mama yako ameniita nije nilikalie begi ili lifunge. Nakwenda.

Ni mimi baba yako, uliyeniambia simama nikasimama.